Likizo Si Zamu ya Pili



Kila mwaka, orodha ya likizo inapobandikwa ukutani karibu na lango la kiwanda, swali huwa ni lile lile: "Mwenzetu, safari hii utakwenda wapi?" Hakuna anayeuliza, "Utapumzika vipi?" Maswali hayo mawili hayafanani, nami ilinichukua miaka mitatu kuitambua tofauti yake. Naandika makala hii ili ndugu zangu wa viwandani hapa Tororo, na wale wa mashamba ya miwa upande wa Busia, wajifunze bila kulipa gharama niliyolipa mimi.

SAFARI YA SIKU TATU

Mimi ni mtu wa mashine. Husimama kando ya mkanda unaopitisha mizigo kwa muda wa saa 8, wiki hii zamu ya mchana, wiki ijayo zamu ya usiku. Mashine haingoji mtu. Ukichelewa kidogo mizigo inarundikana, na msimamizi anakuja mbio. Mtu akikaa miaka mingi katika kazi kama hiyo, mwendo wa mashine humwingia mwilini, akaenda nao nyumbani bila kujua.

Mwaka ule wa kwanza niliamua kwamba watoto wangu nao wataona dunia. Jirani yangu alikuwa amewapeleka wanawe Kampala, kwenye uwanja wa michezo wenye bembea kubwa, magurudumu ya kupanda juu na magari madogo ya kugongana. Watoto wangu walisimuliwa habari hizo mpaka wakakosa usingizi. Nikaenda kwenye chama cha akiba na mikopo, nikakopa. Nikachukua karatasi nikaandika ratiba: siku ya kwanza Jinja, tuone mahali mto Nile unapoanzia ziwani, siku ya pili Kampala, kwenye uwanja wa michezo, siku ya tatu Entebbe, kwenye bustani ya wanyama na ufuko wa ziwa, usiku huo huo tuwe njiani kurudi Tororo. Kutoka Tororo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na Entebbe iko mbele zaidi. Kwenye karatasi yote yalitosha.

Ndugu, ile haikuwa likizo. Tuliamka saa kumi alfajiri. Jinja tulikaa kwa muda wa kupiga picha moja. Kampala tulipanga foleni juani, na kila mtoto alipotaka kurudia bembea moja nilimwambia, "Haraka, bado kuna nyingine, na pesa imekwisha kulipwa." Yule mdogo alitapika ndani ya gari. Entebbe tuliwapita simba kama watu wanaokimbia mvua. Usiku wa tatu, ndani ya matatu iliyojaa, mama watoto akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba watoto, tumepumzika, au tumehamishwa kazi?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilimwuliza binti yangu wa pili anakumbuka nini katika safari ile. Akasema, "Nakumbuka baba akisema haraka."

Kesho yake nilianza zamu ya usiku. Kabla ya mapambazuko nilisinzia nikiwa nimesimama, na mkanda wa mashine ukanasa mkono wa shati langu. Mwenzangu wa upande wa pili aliona akabonyeza kitufe cha kusimamisha mashine. Nilipoteza shati tu. Lakini tangu siku hiyo kila ninapoona vidole vyangu vyote kumi nakumbuka safari ya siku tatu. Mwili uliotoka likizoni umechoka ni hatari kwa mwenyewe na kwa mwenzake.

MWAKA WA KUUZA SIKU

Mwaka wa pili deni lilikuwa bado. Kule nilikokuwa nafanya kazi wakati huo, karani mmoja aliniambia kwamba naweza kuziacha siku zangu za likizo nikapewa pesa badala yake. Nikakubali upesi. Nililipia siku za kupumzika za mwaka ule deni la safari iliyonichosha mwaka uliopita. Fikirini, ndugu: miezi ishirini na minne bila kupumzika hata wiki moja, kwa sababu ya siku tatu za mbio.

Ni mwakilishi wetu wa chama aliyenikalisha chini akanieleza likizo ni kitu gani. Nami nayarudia maneno yake, kwa maana wengi wetu hatuyajui.

LIKIZO HAIKUSHUKA KAMA MVUA

Zamani mfanyakazi aliyekwenda kupumzika alipoteza mshahara wake, na pengine kazi yenyewe. Mwaka 1936, mwezi Mei na Juni, wafanyakazi wa Ufaransa waligoma na kukaa ndani ya viwanda vyao mpaka wakapata, pamoja na mambo mengine, sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo. Mwaka huo huo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza wa likizo yenye malipo, uliotaka angalau siku 6 za kazi kwa mwaka. Siku 6 tu! Mwaka 1970 ukapitishwa mkataba mwingine, Namba 132, uliopandisha kiwango hadi wiki tatu. Kenya iliuridhia mwaka 1979.

Leo hii Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12 ya kazi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inahesabu siku 7 kwa kila miezi 4, jumla yake ni siku 21 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu wa Tororo na mtu wa Busia, ijapokuwa mpaka unapita katikati yao, wamefika karibu mahali pamoja.

Tena angalieni jambo hili. Mkataba wa 1970 unasema kwamba mapatano ya mfanyakazi kuacha likizo yake ya lazima ili apewe fidia yawe batili au yakatazwe. Unasema pia kwamba likizo ikigawanywa, sehemu yake moja iwe angalau wiki mbili mfululizo, isipokuwa pande mbili zikikubaliana vingine. Sheria ya Kenya nayo imeziweka hizo wiki mbili. Kwa nini wiki mbili? Kwa sababu mtu hapumziki kwa siku tatu. Siku za kwanza mwili bado uko kazini. Masikio yanasikia king'ora cha zamu, na macho yanafunguka saa ya zamu. Mapumziko yenyewe huanza baadaye.

Waliopigania siku hizo hawakuzipigania ili sisi tuzigeuze zamu ya pili, tena zamu ya mkopo.

HATA KULE ZILIKOANZIA BEMBEA KUBWA

Pengine mtasema mimi ni maskini ninayezibeza raha za matajiri. Basi tutazame Marekani. Mwaka 1955, huko Anaheim, California, ilifunguliwa Disneyland, bustani kubwa ya michezo ya familia ambayo imeigwa pande nyingi za dunia. Watu husafiri mbali kuifikia. Lakini huko nako foleni ni ndefu, hata ikaanzishwa njia ya kulipa zaidi ili mtu apunguziwe kungoja. Baba na mama hushika ratiba mkononi kama wasimamizi wa kiwanda, na watoto hulia kwa uchovu kabla ya jioni.

Baadhi ya familia za huko zimebadili mwendo. Huingia asubuhi, hutoka adhuhuri, hulala, na siku inayofuata hawaendi popote. Huchagua michezo miwili au mitatu, basi. Hawakuichukia bembea, ila wamegundua kwamba mtoto aliyepanda bembea moja mara nne akicheka amepata zaidi ya yule aliyeburutwa kwenye bembea kumi. Ikiwa mtu mwenye fedha zake ameona haja ya kupunguza mwendo, sisi wenye mkopo tunakimbilia wapi?

MWAKA WA TATU: TULIKWENDA POLEPOLE

Mwaka wa tatu nilichukua wiki mbili mfululizo, wakati shule zimefungwa. Hatukukopa hata senti moja. Tulitumia kiasi tulichoweka kidogo kidogo, nacho hakikufika nusu ya gharama ya zile siku tatu.

Siku mbili za kwanza hatukwenda mahali. Nililala. Watoto walishangaa kumwona baba nyumbani mchana. Siku ya tatu yule mdogo aliniletea baiskeli yake ya mti niirekebishe gurudumu, tukakaa chini ya mwembe mpaka jua likageuka. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya siku hiyo, na sikuisikia kuwa kazi.

Siku ya nne tulipanda Jiwe la Tororo. Aibu iliyoje! Nimeishi chini ya jiwe lile miaka yote, wageni hutoka mbali kuja kulipanda, na watoto wangu walikuwa hawajawahi kulifikia. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Kupanda si mbali, ila kuna mahali pa mwinuko mkali panapotaka kushikilia ngazi, kwa hiyo mtoto mdogo asiachwe mkono. Tulianza asubuhi kabla ya jua kali, tukapumzika kila mtu alipotaka kupumzika. Juu kabisa tulikula viazi na mayai ya kuchemsha. Watoto walitafuta paa la nyumba yetu, wakaliona. Wakatafuta kiwanda changu, wakakiona, kidogo kama kisanduku cha kiberiti. Kijana wangu akasema, "Baba, kumbe kinaonekana kidogo hivi!" Nami nilijisikia vizuri kukitazama kutoka juu.

Baada ya hapo tulishuka Busia. Sisi watu wa huku tumezoea kuiona Busia kama mahali pa kupita: malori, forodha, wabadilishaji fedha, magunia. Safari hii hatukuwa na mzigo wala haraka, tukaiona mpya. Niliwasimulia watoto kwamba neno bodaboda, linalotumika leo kila pembe ya Afrika Mashariki, lilizaliwa hapa mpakani. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliwapakia abiria kati ya kituo cha upande mmoja na kituo cha upande wa pili, wakiita, "Boda! Boda!" Leo pikipiki zimechukua nafasi kubwa, lakini tulimpata mzee mmoja mwenye baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma. Alimpakia binti yangu taratibu, mimi nikitembea kando, na njia nzima akimweleza jinsi mambo yalivyokuwa.

Kuvuka hakukuwa shida. Tangu mwaka 2018, kilipozinduliwa kituo cha pamoja cha mpakani Busia, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Na tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Ila kwa watoto, ulizeni mapema karatasi zinazotakiwa, msije mkarudishwa mlangoni.

Upande wa Kenya tulichagua mahali pamoja tu: Kakapel, katika nchi ya Wateso, si mbali na Malaba. Hapo pana mwamba mkubwa wenye picha zilizochorwa na watu wa kale, wanyama na maumbo mbalimbali, nao unatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata hapo mbegu za kunde zenye umri wa miaka ipatayo 2,300, habari iliyotangazwa mwaka 2024. Mama watoto, ambaye siku hiyo alikuwa amefungasha kunde na ugali wa mtama, alicheka sana. "Kumbe chakula chetu ni cha makumbusho!" Tulikula pale karibu, kivulini, tukakaa mchana wote. Hakuna aliyesema haraka.

WIKI YA ZIWANI

Wiki ya pili tulikaa kwa dada yangu, shangazi yao watoto, upande wa Majanji kwenye ufuko wa Ziwa Victoria. Hapo hapakuwa na ratiba. Asubuhi watoto walikwenda kuwatazama wavuvi wakirudi, na kusaidia kuanika mukene juani. Nilijua mimi mwenyewe kwamba kwenye maji yaliyotulia penye majani kuna hatari ya kichocho, kwa hiyo kuoga kulikuwa kwa maji ya kisima. Jioni wazee waliketi kuzunguka chungu cha pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Ndugu, kinywaji kinachopita kwenye mrija mrefu namna ile hakinyweki kwa haraka. Katikati kuna nafasi ya maneno. Kwenye chungu kile nilisikia habari za marehemu baba yangu ambazo sikuwahi kuzisikia, na kijana wangu, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, alizisikia pia.

Hapo ndipo jambo moja liliponigusa. Siku ya pili nilimwona mama watoto jikoni na dada yangu, moshi machoni, kuni na maji na sahani, sawasawa na nyumbani. Mimi nilikuwa likizoni, yeye alikuwa amebadili jiko tu. Nikakumbuka swali lake ndani ya matatu. Tukakubaliana: maji nitachota mimi na kijana, sahani wataosha watoto kwa zamu, na siku mbili katika wiki nitapika mimi. Watu wa ufukoni walicheka waliponiona na ndoo kichwani. Na wacheke. Siku ya tatu mama watoto alilala adhuhuri kwenye mkeka chini ya mti, na dada yangu kando yake, wakiongea mpaka wakasinzia wote wawili. Tangu tuoane sikuwa nimemwona akilala mchana isipokuwa akiwa mgonjwa.

Tulirudi Tororo siku mbili kabla ya kazi. Nilipoingia zamu sikuwa na deni, na macho yangu yalikuwa wazi. Binti yangu nilimwuliza tena anakumbuka nini. Alisimulia mpaka ugali ukapoa.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Omba likizo mapema, kwa maandishi, na uweke nakala. Usingoje mpaka karani akukumbushe, maana hatakukumbusha.

2. Usiuze siku zako. Ukishinikizwa kuziuza, mwone mwakilishi wa chama kabla ya kutia sahihi.

3. Chukua angalau wiki mbili mfululizo. Zile siku mbili za mwanzo usisafiri, na siku mbili za mwisho uwe umekwisha rudi.

4. Usikope ili upumzike. Bembea za mjini si dhambi. Ukiwa na akiba wapelekeni watoto, lakini siku nzima iwe ya mahali pamoja.

5. Mama naye ana haki ya likizo. Ikiwa kazi za nyumbani zimemfuata, basi ni baba peke yake aliyepumzika.

6. Ndugu vibarua, msidhani mambo haya hayawahusu. Kenya, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi sheria huweza kumhesabu kuwa si kibarua tena, na akifikisha miezi miwili hustahili masharti ya mwajiriwa wa kawaida. Uganda, kanuni za mwaka 2011 zinakataza kumweka mtu ukibarua zaidi ya miezi 4 bila kumpa mkataba wa maandishi. Mkata miwa wa msimu baada ya msimu na ahesabu miezi yake, na aihesabu pamoja na chama.

NENO LA MWISHO KWA KAMATI ZETU

Liko jambo moja ambalo mtu mmoja hawezi kulifanya. Orodha ya likizo hupangwa kwa kufuata mahitaji ya mashine na msimu wa miwa. Wazazi wengi hupewa likizo watoto wakiwa darasani, na watoto wanapofunga shule baba yuko zamu ya usiku na mama yuko shambani. Hivyo siku 21 zinakwisha bila familia kuonana. Naomba kamati za chama, katika viwanda na katika mashamba, zinapokaa na waajiri kuzungumzia mapatano, zisizungumzie idadi ya siku peke yake. Zidai pia kwamba wazazi wagawane kwa zamu miezi ambayo shule zimefungwa, na orodha hiyo itolewe mapema mwakani. Dai hili halimfilisi mwajiri. Linataka kalamu, karatasi na moyo wa kusikiliza.

Wahenga wamesema, haraka haraka haina baraka. Msimamizi anaweza kuniamuru niende mbio nikiwa ndani ya lango lake. Nje ya lango, katika siku zangu nilizozitolea jasho, mwendo ni wangu na wa familia yangu.

Umoja ni nguvu, ndugu. Na mapumziko mema.